Kwa Nini Chikichi Hudondoka

Tunda la mchikichi likiiva huachia mkungu lenyewe. Si upepo uliolivunja, wala si uzito uliolishinda. Kwenye kitako chake, pale linaposhikana na kikonyo, kuna tabaka jembamba la seli zilizowekwa tayari kwa kazi hiyo tangu tunda likiwa changa. Wakati ukifika, seli hizo hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, yaani gundi inayoshikanisha seli na seli, na tunda hutoka likiwa zima. Kwa mkulima wa Simbo, Bitale au Mwandiga mkoani Kigoma, chikichi chache zilizotapakaa chini ya mti ndiyo ishara ya kunoa panga. Kwa wataalamu wa mimea hilo ni tukio lilelile ambalo wenzao wa machungwa wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 70, wakitafuta dawa ya kulichelewesha na dawa ya kuliharakisha.

Kinachoamua ni uwiano wa homoni mbili. Tunda linaloendelea kukua hutengeneza oksini, ambayo hushuka kupitia kikonyo bila kukoma, na kadiri inavyopita, tabaka la kukatikia hubaki limetulia. Mbegu zikikomaa, au tunda likijeruhiwa, au mti ukikosa maji na sukari ya kulilisha, mkondo huo hupungua. Hapo tabaka huanza kuitika homoni ya pili, etilini, ambayo ni gesi. Nguvu ya gesi hii juu ya mimea ilithibitishwa mwaka 1901 na Mrusi Dimitry Neljubow, aliyegundua kuwa miche ya njegere ndani ya maabara yake ilikuwa ikipinda kwa sababu ya etilini iliyomo katika gesi ya taa. Ndizi iliyofunikwa pamoja na nyingine huiva haraka kwa gesi hiyohiyo.

Mchungwa ndio mti uliofundisha mengi zaidi. Mti mmoja mkubwa hutoa maua kwa makumi ya maelfu, na katika aina nyingi yanayofikia kuwa matunda ya kuvunwa ni machache mno, mara nyingi chini ya 2 katika kila 100. Mengine hudondoka kwa mikupuo: kwanza maua yenyewe, kisha vitunda vichanga vinavyogombania sukari ya majani, na mwishoni baadhi ya matunda yaliyokwisha kukomaa. Vitunda vichanga hukatikia pale kikonyo kinapoungana na tawi, lakini tunda lililokomaa hukatikia karibu zaidi na tunda, kati ya kikombe cha ua na tunda lenyewe. Mkulima wa Muheza anayekuta machungwa chini anaweza kutazama mahali palipokatika na kujua ni hatua ipi iliyoharibika. Ni lazima pia atazame kama kuna tundu la nzi wa matunda au la kiwavi, kwa kuwa tunda lililotobolewa hutoa etilini ya jeraha na kudondoka kabla ya wakati wake. Dawa ya homoni haitamsaidia huyo. Anachohitaji ni mitego, na kuokota na kufukia matunda yaliyoanguka.

Dawa ya kuzuia ilipatikana kwanza. Katika miaka ya 1940 watafiti wa California waligundua kuwa oksini ya kutengenezwa, 2,4-D, ikipulizwa kwa kiwango kidogo sana kabla ya mavuno, hupunguza kudondoka kwa machungwa yaliyokomaa. Kemikali hiyohiyo kwa kiwango kikubwa ni kiuagugu, na wakulima wengi wa Tanzania wanaijua kwa kazi hiyo tu. Umbali kati ya dozi inayoshikilia tunda na dozi inayokunja majani ni mdogo, kwa hiyo pale inaporuhusiwa hutumika kwa masharti makali. Baadaye iliongezwa jiberelini, ambayo huchelewesha kuzeeka kwa ganda, ili chungwa likae mtini wiki kadhaa zaidi likisubiri bei.

Dawa ya kuangusha imekuwa ngumu kuliko ilivyodhaniwa. Florida ilikuwa na mashamba makubwa ya machungwa ya kukamuliwa na wavunaji wa kulipwa, na tangu katikati ya karne ya 20 wahandisi walijaribu mashine za kutikisa shina. Mashine ilikwamia kwa tunda lililoshika sana, na zaidi kwa aina ya Valencia, ambayo hubeba machungwa yaliyoiva pamoja na vitunda vya mwaka unaofuata. Mtikisiko wa kuangusha la leo huangusha na la mwakani. Ethefoni, kimiminika kinachogeuka etilini kikiingia ndani ya mmea, ililegeza matunda, lakini iliangusha na majani. Kemikali nyingine, inayofupishwa kuwa CMNP, ilionekana kulegeza tunda lililoiva peke yake, ikiacha majani na vitunda vichanga, na ilijaribiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2005 ugonjwa wa bakteria unaofanya machungwa kuwa ya kijani na machungu uligunduliwa Florida. Miti iliyougua ilianza kumwaga matunda yenyewe, na hoja ikageuka: kilichotafutwa sasa ni namna ya kuyazuia yasidondoke.

Kigoma haina mashamba ya machungwa ya namna hiyo. Ina michikichi, na ina historia ndefu nayo. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwezi Februari 1858 pamoja na John Hanning Speke, aliandika juu ya michikichi ya mwambao na mafuta yake yaliyokuwa bidhaa ya biashara ziwani. Miti ya zamani ya mkoa huu mingi ni aina ya dura, yenye kifuu kinene na nyama kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 35 na 55 ya uzito wa tunda. Ng'ambo ya ziwa, katika kituo cha utafiti cha Yangambi nchini Kongo, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba dura ikipandishwa na pisifera, isiyo na kifuu, huzaa tenera, ambayo nyama yake huvuka asilimia 60. Mbegu za tenera ndizo zinazosambazwa na kituo cha TARI Kihinga, hasa tangu mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipohimiza zao hili kufufuliwa ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kula.

Mchikichi una tabia yake katika kudondosha. Mkungu mmoja hubeba chikichi zaidi ya 1,000, na hauivi kwa pamoja: zinaanza za nje na za kileleni, kisha zile zilizobanwa ndani. Kuachia nako hutokea kwa hatua mbili. Kwanza hukatika tabaka kuu kwenye kitako cha tunda, kisha yanafuata matabaka madogo yaliyo jirani. Mwaka 2012 watafiti waliripoti kuwa jeni moja la kimeng'enya cha kuyeyusha pektini huamshwa katika tabaka hilo mara 700 hadi 5,000 tunda linapopewa etilini. Mwaka 2021 ikaripotiwa miti ya mchikichi wa Amerika ambayo haidondoshi matunda yake. Mti wa namna hiyo una thamani kubwa kwa wazalishaji wa mbegu, kwa kuwa chikichi zinazodondoka na kutoweka majanini ndizo zilizojaa mafuta kuliko zote.

Hapa ndipo kuna mtihani wa mvunaji. Nyama ya chikichi hujaza mafuta mengi katika wiki za mwisho za miezi mitano hadi sita tangu ua lichavushwe. Mkungu ukikatwa kabla ya tunda lolote kudondoka, mafuta hayo hayajatimia. Ukiachwa mpaka zidondoke kwa mamia, kazi ya kuokota hula siku nzima na ubora hushuka. Nyama hiyo ina kimeng'enya kikali kinachovunja mafuta kuwa asidi mara tu tunda linapopondeka, na mawese yenye asidi huru zaidi ya asilimia 5 huhesabiwa kuwa duni. Jeni la kimeng'enya hicho lilitambuliwa mwaka 2013, na miti yenye kiwango chake kidogo imeanza kutumika katika uzalishaji wa mbegu.

Wasindikaji wengi wadogo hukata mkungu vipande, huufunika na kuuvundika kwa siku kadhaa ili chikichi ziachie zenyewe. Kinachofanya kazi chini ya kifuniko hicho ni etilini, lakini katika siku hizohizo asidi hupanda, na mafuta yanayopatikana huishia kufaa sabuni kuliko mboga. Ethefoni ikipakwa kwenye mkungu uliokatwa hufupisha muda wa kusubiri, na imejaribiwa katika nchi zinazolima chikichi. Mtini ni suala jingine: kupuliza kilele cha mti mrefu ni gharama, na mkungu ulioiva na ulio mbichi hukaa bega kwa bega, kwa hiyo dawa haichagui.

Kwa mkulima wa Kigoma, kwa hiyo, faida iliyo karibu haiko kwenye chupa ya dawa. Iko katika kupita shambani kila baada ya siku 10 hadi 14, kukata mkungu uliodondosha chikichi 5 hadi 10, kuokota zote zilizo chini, kutoutupa mkungu kutoka juu pale inapowezekana, na kuzichemsha chikichi ndani ya saa 24. Joto la kuchemsha huua kimeng'enya cha asidi papo hapo, na hufanya hivyo kwa dura ya babu kama kwa tenera ya Kihinga.