Uvujaji wa Oili katika Injini za Ndege Zinazoundwa Nyumbani: Kutenganisha Chanzo na Dalili

Makala haya yanafafanua jinsi uvujaji wa oili unavyochunguzwa na kuondolewa katika injini za ndege zinazoundwa na wamiliki wenyewe. Mifano imechukuliwa Marekani, ambako uundaji wa aina hii una mizizi mirefu: chama cha waundaji, EAA, kilianzishwa mwaka 1953, na ndege za jamii ya RV pekee zilizokwisha kuruka zimezidi 10,000. Nyingi kati ya ndege hizo za RV hutumia injini za Lycoming zenye silinda zilizolala, kama vile O-320 ya silinda nne, yenye nguvu farasi 150 au 160. Waundaji wengine wameelekea kwenye injini za magari, ikiwamo ile ya Chevrolet Corvair. Neno "oili" limetumika hapa kwa makusudi. Lugha sanifu hupendelea "mafuta ya kulainishia", lakini penye ndege neno "mafuta" peke yake humaanisha kile kinachochomwa, na fundi anayeambiwa kwamba mafuta yanavuja ana haki ya kukimbia kwanza na kuuliza baadaye.

Ikumbukwe kwamba kiasi cha oili kinachopotea kwa matone si hoja kubwa. Kanuni ya Lycoming ya kukadiria matumizi ya juu yanayokubalika ni kuzidisha 0.006 kwa nguvu farasi, kuzidisha tena kwa 4, kisha kugawanya kwa 7.4, jibu hutoka kwa kwati kwa saa. Injini ya nguvu farasi 160 inaruhusiwa, kwa hesabu hiyo, kutumia takriban nusu lita kila saa. Sampu ya O-320 huchukua kwati 8, yaani lita 7.6, na kiwango cha chini kabisa cha usalama ni kwati 2. Tone moja juu ya sakafu ya banda haliikaushi injini hiyo. Linalopaswa kuulizwa ni mambo mawili: tone hilo linatua wapi, kwa maana oili iangukayo juu ya ekzosi yenye moto hutoa moshi na huweza kuwaka, na ni nini kililolisukuma nje. Swali la pili ndilo linalopuuzwa mara nyingi, na ndilo lililobeba uzito wa makala haya.

Kutafuta mahali panapovuja kunahitaji subira kuliko ujuzi. Upepo wa rafadha huisambaza oili kuelekea nyuma na chini, hata injini nzima ikaonekana imelowa. Injini ioshwe kabisa, ikaushwe, kisha iwashwe ardhini kwa dakika chache na kuzimwa. Sehemu yenye unyevu iliyo juu zaidi na mbele zaidi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Iwapo bado haionekani, poda nyeupe ikipulizwa juu ya maungio huonyesha mstari mweusi pale oili inapotokea. Au oili itiwe rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Aidha, tumbo la ndege lililopakwa oili si lazima liwe ushahidi wa uvujaji. Wamiliki wengi wa O-320 wamegundua kwamba sampu ikijazwa hadi kwati 8, sehemu ya juu hutupwa nje kupitia bomba la kupumulia, kisha kiwango hutulia karibu na kwati 6. Huyo anayeendelea kujaza anajitengenezea uchafu mwenyewe.

Bomba hilo la kupumulia linastahili kuangaliwa kwa kirefu. Hakuna ringi za pistoni zinazoziba kikamilifu; daima sehemu ya gesi za mwako hupenya na kuingia katika kasha la krenki, zikiwa na mvuke wa maji. Njia yake ya kutokea ni bomba moja. Katika baridi kali mvuke huganda kwenye ncha ya bomba iliyo nje, barafu huziba, na mgandamizo hupanda ndani ya kasha. Kiungo dhaifu ni sili ya mbele ya mhimili wa krenki, nyuma ya rafadha. Ikisukumwa nje, oili hurushwa juu ya kioo cha rubani na sampu huweza kumalizika ndege ikiwa angani. Fundi anayebadilisha sili hiyo bila kuchunguza bomba ameondoa dalili na kukiacha chanzo mahali pake. Tiba ni ndogo ajabu: tundu au mpasuko katika bomba, ndani ya boneti ambamo hewa ina joto, ili gesi zipate njia ya pili pindi ncha inapoganda. Katika ndege ya kiwandani tundu hilo limekwisha kufikiriwa. Katika ndege ya kuundwa nyumbani bomba hukatwa na muundaji, kwa urefu na pembe aipendayo, na ndiyo maana tatizo hili linawahusu waundaji zaidi.

Pale bomba linapokuwa wazi na uvujaji ukatokea mahali pengi kwa pamoja, ringi zilizochakaa ndizo za kushukiwa. Katika jaribio la kawaida, silinda hulishwa hewa ya mgandamizo wa psi 80 na upungufu wake kupimwa. Sauti ya hewa ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, hewa inapita kwenye ringi. Kipimo kingine, cha werevu zaidi kwa maoni ya mwandishi, hutumia saa ya mwendo wa ndege yenyewe. Saa hiyo kimsingi ni kipimo cha mgandamizo mdogo: usomaji wa kilomita 145 kwa saa ni sawa na paskali 990 hivi, au sentimita 10 za maji. Ikiunganishwa na mdomo wa kujazia oili injini ikiwa inafanya kazi, huonyesha moja kwa moja jinsi kasha linavyosukuma.

Kosa la hatari zaidi, hata hivyo, hutokea katika jitihada za kuziba. Kasha la krenki la Lycoming ni nusu mbili zinazokutana bila gasketi. Utaratibu wa kiwanda hutumia uzi mwembamba wa hariri na gundi nyepesi. Muundaji aliyechoshwa na unyevu hushawishika kupaka silikoni nzito. Beringi kuu hushikiliwa kwa kubanwa na nusu hizo, kwani ganda la beringi huachwa kubwa kidogo kuliko tundu lake. Tabaka nene la silikoni huzitenganisha nusu, boliti hupoteza mkazo silikoni inapolegea, na beringi hupata nafasi ya kuhama na kuziba tundu linaloileta oili. Mabaki yaliyofinywa kuelekea ndani huweza kumeguka na kufika kwenye chujio la kunyonyea. Hivyo kasha kavu kwa nje laweza kuificha injini inayokufa ndani, na kati ya hayo mawili unyevu ni afadhali.

Katika Corvair, iliyotengenezwa kati ya 1960 na 1969, hali ni tofauti. Silinda sita zina mirija 12 ya pushirodi, na kila mrija una oringi mbili. Oringi 24 za mpira wa zamani zilikauka kwa joto na kuipa gari hiyo sifa mbaya ya kuvuja. Hapa chanzo kilikuwa malighafi yenyewe, na oringi za Viton zinazostahimili joto zimelimaliza tatizo kwa kiasi kikubwa.

Nchini Marekani ndege mpya ya aina hii huanza na saa za majaribio, kwa kawaida 25 ikiwa injini na rafadha ni jozi iliyoidhinishwa, na 40 isipokuwa hivyo. Gasketi hujikalia na boliti hulegea zaidi katika saa hizo. Kila ukarabati wa uvujaji ufuatwe na kuwasha ardhini, kufungua boneti, kukagua, kisha safari fupi juu ya uwanja na ukaguzi wa pili, huku kiwango cha oili kikiandikwa kabla na baada. Maandishi ya safari kumi hutosha kuonyesha kama matumizi yanapungua, yamesimama au yanapanda.