Alama za Mpira na Taka za Mathare

Wako wazee ambao wakimwona kijana akikimbilia uwanjani husema kwamba mpira haujazi ghala. Neno hilo si la kudharauliwa, maana mzee aliyeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kuuliza faida ya mchezo. Lakini ningependa wazee hao waifikiri habari ya Mathare, mtaa wa mabanda ulioko Nairobi.

Katika mwaka 1987 Bwana Bob Munro, mtu wa Kanada, alianzisha huko chama cha michezo ya vijana kiitwacho MYSA. Watoto wa Mathare walikuwa wakicheza kwa mipira waliyoifunga wenyewe kwa majuala na kamba, kando ya mitaro iliyozibwa na taka. Basi ikawekwa kanuni ngeni. Timu ikishinda mechi hupata alama tatu. Timu hiyo hiyo ikizoa taka na kuzibua mitaro hupata alama sita, nazo huandikwa katika msimamo ule ule wa ligi. Mimi ni karani, na kazi yangu ni madaftari. Sijapata kuona daftari lenye haki kuliko hilo. Watoto wasio na viatu waweza kufungwa mabao mengi, kisha wakawapita waliowafunga, kwa jembe na toroli.

Tena vijana waliojitolea kuwafundisha wadogo au kuamua mechi walihesabiwa alama zao, na waliozidi wenzao walisaidiwa karo. Hapo nadhani mzee wa ghala atanyamaza kidogo.

Wasichana walingoja miaka kadhaa kabla ya kuundiwa timu zao, na hata hapo wazazi wengine walikataa, kwa kuwa ndio waliopika na kulea wadogo zao. Yaani hata nafasi ya kucheza haikugawanywa sawasawa.

Timu kubwa ya chama, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Ni sifa njema, ila kombe halikumpa mtu yeyote hati ya kiwanja, na mabanda bado yapo.

Je, wewe msomaji uliye mwandishi wa ligi ya vijana kijijini kwako, daftari lako lina nafasi ya safu moja zaidi?