Kuvuka mpaka na gari: kweli au uongo?

Matanga yanaweza kumpeleka Msamia wa Kawangware, Nairobi, hadi Busia na kumvusha hadi Uganda, kwa kuwa Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Wanubi wa Kibera nao wana jamaa Bombo, kaskazini mwa Kampala. Safari kama hizi hupangwa usiku mmoja, gari likiazimwa kwa jirani, na kila aliyewahi kuvuka ana ushauri wake. Mwingine ni wa kumtia mtu taabani.

"Kitambulisho kinatosha." Kweli kwa Uganda na Rwanda, tangu 2014. Ukishika njia ya Namanga, uongo: Tanzania inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Na kwa kijana wa Kinubi aliyesubirishwa kitambulisho kwa miaka, akihojiwa kama mgeni katika mtaa alimozaliwa, hata hiyo kweli ni nusu tu.

"Bima yangu inanifuata popote." Uongo. Iombe kampuni yako ya bima Kadi ya Njano ya COMESA kabla hujaondoka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kadi bado inatumika huko. Kumbuka kwamba inafidia hasara unayomsababishia mwingine. Bodi ya gari lako ikibondeka, hiyo ni juu yako, isipokuwa kama bima yako kubwa imeongezwa kuvuka mpaka.

"Logibuku ikiwemo garini, yamekwisha." Huu ndio uongo unaorudisha watu wengi nyumbani. Mitaani kwetu mtu hununua Probox, anaandikiana mkataba na muuzaji, kisha jina la muuzaji linabaki kwenye rekodi za mamlaka ya usafiri, NTSA, miaka nenda miaka rudi. Nairobi anaendesha bila wasiwasi. Mpakani, ofisa wa forodha anataka kujua gari ni la nani na nani kakuruhusu kulitoa nchini. Gari la kuazima linahitaji barua ya idhini ya mwenyewe, iliyoshuhudiwa na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. La mkopo lina jina la benki au sacco kando ya lako, kwa hiyo barua itoke kwao pia, na ofisi hizo hazifunguliwi usiku wa Ijumaa.

"Lazima leseni ya kimataifa." Uongo kwa Uganda na Tanzania; ya Kenya inatosha. Ukienda mbali zaidi, AA ya Kenya hutoa.

"Ukishavuka, umemaliza." Uongo. Forodha hukupa kibali cha muda cha gari, nacho kina tarehe ya mwisho. Ikipita, ni faini au gari kuzuiwa. Kitunze, ukirudishe unapotoka.

Kama gari lako bado lina jina la muuzaji, hamisha umiliki kwenye eCitizen wiki hii, kabla simu ya msiba haijaingia.