Binti Anapotaka Kusomea Uhandisi wa Kemikali

Binti aliyefaulu kidato cha nne akitaja uhandisi wa kemikali, nyumba hugawanyika. Mama huogopa sumu na moshi. Baba huuliza ataajiriwa wapi, ilhali kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Maswali yote mawili ni ya haki. Ila kabla ya kukubali au kukataa, na tuijue kwanza elimu yenyewe.

Wengi huidhani kuwa ni kemia tu. Mkemia hutafuta njia ya kupata kitu ndani ya chupa. Mhandisi hukitoa kwa matani, kila siku, pasi na kumdhuru mtu. Akina mama wanalijua jambo hili jikoni. Sufuria ikikuzwa mara 2 kwa upana na kimo, chakula huongezeka mara 8, lakini eneo linalopokea joto huongezeka mara 4 tu. Ndiyo maana pilau ya arusi huweza kuungua chini na juu ingali mbichi. Mitambo nayo ina tabia hiyo hiyo.

Katika Chuo Kikuu cha Moi, kule Eldoret, shahada hii huchukua miaka 5. Mwanzo ni hisabati na fizikia kwa wingi. Kisha mwanafunzi hujifunza kuhesabu kila kinachoingia mtamboni, kinachotoka na kinachobaki; hujifunza mwendo wa vimiminika, joto na usalama. Mwishoni husanifu kiwanda kizima kwenye karatasi.

Usalama si pambo. Desemba 1984, huko Bhopal, India, gesi ya sumu ilivuja kiwandani usiku, ikaua maelfu ya watu. Basi hofu ya mama ndiyo hasa sababu ya kuhitajika wahandisi waliosoma vyema.

Ama swali la baba, elimu hii haikufungwa na mafuta: saruji, sabuni, sukari, dawa, na hata kuondoa chumvi katika maji, vyote huihitaji.

Kwa hivyo tusimuulize binti alama za kemia pekee. Tumuulize: je, waipenda hisabati? Akiipenda, tumpe miaka yake 5, karo, makazi ya amani na subira yetu. Akiwa amevutiwa na jina tu, tumweleze mapema, kwa upole, kabla fomu haijajazwa.