HESABU YA NURU YA JUA NYUMBANI

Mtu auzapo ng'ombe wake ili apate taa nyumbani, yampasa ajue anunuacho. Katika nyanda za juu za Tarime, huko Itiryo na kata jirani, zipo nyumba zilizo mbali na nguzo za umeme, nazo hutegemea jua. Lakini mara nyingi mtambo ulionunuliwa kwa fedha nyingi hung'ara miezi michache tu. Kisha taa huanza kuzimika mapema, na mtoto wa darasa la saba akabaki na kitabu chake gizani. Lawama hutupiwa jua, na kumbe kosa ni kununua bila ya kuhesabu.

Elimu hii si ngeni. Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Na mwaka 1954 wataalamu wa Bell Laboratories, Marekani, walionyesha kifaa cha silikoni kigeuzacho nuru ya jua kuwa umeme. Leo hata wale waishio ndani ya magari yaliyofanywa nyumba, huko Ulaya na Marekani, hupiga hesabu hii hii kabla ya kushika njia.

Tuanze na matumizi. Zidisha wati za kila chombo kwa saa zake za kazi. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Simu 3 ni kama 30. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Mwezi wa Ramadhani tuongeze taa 2 kwa saa 2 za daku, yaani 20. Jumla ni wati-saa 330.

Sasa betri. Wakati wa masika mawingu huweza kulifunika jua kutwa nzima. Basi tuweke akiba ya siku 2, yaani 660. Betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo twahitaji 1,320. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea-saa 110; nunua ya 120. Betri ya gari haifai kwa kazi hii: iliundwa itoe nguvu nyingi kwa kitambo kidogo ili kuwasha injini, na ikikaushwa kila usiku hufa upesi. Betri ya lithiamu huweza kutumiwa hadi sehemu 8 katika 10, ila bei yake ni kubwa zaidi.

Na paneli je? Sehemu kama 3 katika 10 za nguvu hupotea njiani kwa joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe. Gawanya 330 kwa 0.7, upate 471. Tukikisia kwa hadhari saa 4 za jua kamili kwa siku, paneli ya wati 120 yatosha. Ielekezwe kaskazini, iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi, wala isiangukiwe na kivuli cha mgomba. Kati yake na betri pawe na kontrola ya ampea 10, na fyuzi karibu na betri. Betri ya risasi isiwekwe chumba cha kulala, kwani hutoa gesi iwezayo kuwaka.

Hapa ndipo penye shauri la nyumba. Ondoa televisheni, na jumla yashuka hadi 210: betri ya ampea-saa 70 na paneli ya wati 75 zatosha. Tofauti hiyo ya bei huenda ikawa ndiyo sare na madaftari ya mwaka mzima. Basi baba na mama na wakae pamoja na vijana wao, kalamu mkononi, wahesabu kabla ya kwenda dukani. Kijana aliyekwisha soma hesabu za kuzidisha na kugawanya aweza kuifanya kazi hii kwa nusu saa, na kuiokoa nyumba yake na hasara ya miaka.