Je, Wajua? Kisamvu Bila Mafuta Hakitoshi

Kisamvu, matembele na papai bivu vya Nachingwea na Ruangwa vina asili ya vitamini A, lakini mwili hauifyonzi vizuri pasipo mafuta. Ufuta na korosho, mazao tunayoyapeleka mnadani kila msimu, yafaa sana kuungia mboga: bakiza kidogo nyumbani! Mboga hazikuzidishii vitamini hii, maana mwili huitengeneza kutokana na asili hiyo kadiri unavyoihitaji. Maini ni tofauti. Yana vitamini A yenyewe: gramu 100 za maini ya ng'ombe huweza kupita mikrogramu 3,000 za vitamini hiyo, kikomo cha mtu mzima kwa siku, na ikizidi mno huweza kudhuru mimba changa. Mama mjamzito, usimeze vidonge vya vitamini A bila kuuliza kliniki. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, mpeleke.