Bustani Mlangoni pa Jiko

Wasikilizaji wetu, twajua kuwa katika Ugogo mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili; baada ya hapo majani hukauka na mboga huwa adimu. Ndipo mama hutoa fedha ya chumvi anunue fungu la mchicha, au watoto hula ugali kwa mchuzi mtupu. Mtoto akosaye vitamini A kwa muda mrefu hushindwa kuona gizani, na mwishowe aweza kupofuka kabisa.

Lakini maji ya kuoshea mboga na kunawia mikono twayamwaga uani kila siku. Basi na tuyatumie, maadamu hayana sabuni nyingi. Karibu na jiko tuchimbe kitalu kilichozama kidogo, upana wake mita 1, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga udongo. Tuchanganye samadi iliyooza, tusie mchicha. Ukiisha kuota, tutandaze nyasi kavu kati ya mistari ili jua lisikaushe udongo. Tuzungushe miiba kuzuia kuku na mbuzi.

Baada ya majuma 4 hivi tutachuma. Tusing'oe shina; tukate juu, nalo litachipua tena. Mboga tuipike kwa karanga, kwani mafuta huusaidia mwili kuipokea vitamini ile. Na wakati wa mvua, majani ya kunde yanayozidi tuyaanike kivulini, maana jua kali huipunguza.

Haba na haba hujaza kibaba: maji tuliyokuwa tukiyamwaga bure yatatupatia kitoweo.